Redio ya Kijapani Niliyokataa Kuing'oa

Fundi alikuwa ameishika redio ya gari langu kwa mikono miwili, kama mtu anayekadiria uzito wa papai sokoni, na nyaya za rangi nyingi zilikuwa zikining'inia kutoka kwenye tundu lililobaki wazi katikati ya dashibodi.

"Bosi, hii tuitoe kabisa," alisema. "Nakuwekea redio ya Android, kioo cha inchi tisa, wati hamsini mara nne, unaangalia mpaka YouTube. Hii redio ndiyo inayokuharibia muziki."

Nikamwambia airudishe.

"Kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, katika gereji moja ya Sinza, Dar es Salaam, na nilikuwa nimesimama kando ya Toyota Premio yangu ya mwaka 2007 bila kupata sentensi hata moja ya kujitetea. Fundi hakunicheka. Alisubiri kwa adabu, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko kicheko, kisha akaisukuma redio ndani mpaka vibanio vyake vikalia, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kiganja, na akakataa kupokea hela ya kazi.

"Sawa. Lakini utarudi."

Kwa wiki tatu, swali lake lilinisindikiza kwenye foleni ya kutoka Mwenge hadi Morocco, asubuhi na jioni.

Mashtaka yenye ukweli

Nianze kwa kukiri kwamba redio yenyewe si rahisi kuitetea. Ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako FM ilikuwa inaanzia megahezi 76 na kuishia 90. Baada ya nchi hiyo kuzima televisheni ya analojia katika maeneo yake mengi mwaka 2011, nafasi ya kuongeza masafa mpaka 95 ilipatikana, lakini gari langu lilikuwa limekwisha kutoka kiwandani. Sisi huku hutangaza kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana nyuma ya redio kuna kile kisanduku kidogo ambacho nyote mnakifahamu, kinachopokea mawimbi ya antena na kuyashusha, langu kwa megahezi 14, ili redio iyaone. Mke wangu anajua kwa moyo kwamba kituo chake ni themanini na sita na nusu, na mtangazaji anapotaja mia moja na nusu kwa sauti ya juu, yeye huona kama mtangazaji ndiye anayekosea.

Maandishi yote ni ya Kijapani. Ramani haina habari kwamba gari limevuka bahari. Na kila nikiwasha, yule dada wa kifaa cha kulipia barabara ananikumbusha kwa upole kwamba sijaingiza kadi, miaka sita sasa, bila kukata tamaa.

Nilipokuwa ninajitafutia sababu za kuikatalia Android, nilizipata za kutosha. Redio nyingi za Toyota za Japani zina upana wa milimita 200, wakati kipimo cha kawaida cha redio za kununua ni takriban 180, kwa hiyo fundi hulazimika kuziba mapengo ya pembeni kwa vipande vya plastiki ambavyo baada ya mwaka mmoja huanza kugonga kila gari linapopita kwenye tuta. Vitufe vya usukani vingeweza kufa. Kioo kikubwa kinachong'aa kingewavuta wale vijana ambao hupita usiku wakiangalia gari lipi lina kitu cha kubeba.

Sababu hizo zote ni za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu yangu.

Hesabu ya wati hamsini

Jambo la kwanza nililoweza kulishika vizuri lilikuwa zile wati hamsini mara nne. Mfumo wa umeme wa gari, injini ikiwa inanguruma, hutoa kiasi cha volti 14.4. Redio ya kawaida, iwe ya kiwandani au ya kununua, haina kifaa ndani yake cha kupandisha volti hizo, hivyo hata ikitumia waya zote mbili za spika kwa zamu, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, kilele chake hakiwezi kuvuka hapo. Kilele cha volti 14.4 ni wastani wa volti 10.2 zinazofanya kazi. Zidisha 10.2 kwa yenyewe, gawanya kwa omu 4 za spika, unapata wati 26, na hapo umeihesabu chipu ya kukuza sauti iliyo ndani ya redio kana kwamba haipotezi kitu. Katika hali halisi ni chini ya hapo, karibu na 20.

Kwa maneno mengine, Android ya inchi tisa na redio yangu zinakula chakula kutoka sufuria moja.

Hesabu hiyo ilinipa nguvu, lakini haikueleza kwa nini muziki kwenye gari langu ulikuwa unasikika kama unapigwa ndani ya boksi la viatu. Basi Jumapili moja nikachukua spika moja ya sebuleni, nikaiweka juu ya kiti cha abiria, nikachomoa waya wa spika ya mlangoni na kuunganisha spika ya nyumbani kwenye redio ile ile iliyohukumiwa Sinza. Nikapiga wimbo.

Nilikaa pale na mlango wazi mpaka wimbo ukaisha. Besi ilikuwepo. Sauti ya mwimbaji ilikuwa na kifua.

Redio tuliilaumu kwa sababu ndiyo inayoonekana. Spika imejificha nyuma ya kava la mlango, na hakuna aliyeitazama tangu gari liondoke Japani.

Ndani ya mlango

Nilipofungua kava nilikuta spika ya inchi sita na nusu, yenye karatasi iliyolegea kwa unyevu na ukingo uliochanika upande wa chini, na sumaku ndogo kama kikombe cha kahawa. Nyuma yake kulikuwa na mlango mtupu: bati jembamba, matundu makubwa yaliyozibwa kwa nailoni, na nafasi ambayo hewa ilikuwa inapita itakavyo.

Hapo nilielewa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na mawimbi ya nyuma ni kinyume cha yale ya mbele. Spika ya nyumbani ina sanduku la kuyatenganisha. Kwenye gari, sanduku ni mlango wenyewe, na kama mlango una matundu, mawimbi ya nyuma yanazunguka na kuyafuta ya mbele, hasa yale ya besi. Unaweza kununua spika ya bei yoyote ukaifunga kwenye mlango unaovuja, na ukapata makelele ghali.

Nilinunua jozi ya spika kwa shilingi 120,000. Nikachonga pete mbili za plaiwudi ya milimita 12 na kuzipaka rangi ya mafuta ili maji ya mvua yasizioze. Nikabandika ndani ya milango zile shiti nzito za mpira wenye gundi na foili, nikaziba matundu, nikafunga kila kitu kwa skrubu. Kazi ilichukua Jumamosi nzima, na vidole vilikatwa na foili mara nne. Mlango uliofungwa sasa ulikuwa unalia "duf" badala ya "kwaa", na kwa sauti hiyo tu nilijiona nimekwisha kushinda.

Besi iliyopotea

Nikawasha redio.

Besi ilikuwa imepungua kuliko mwanzo.

Sitaficha kwamba usiku ule nilitafuta bei za Android kwenye simu. Nilikuwa nimetumia hela na ngozi ya vidole, na matokeo yake yalikuwa hafifu kuliko yale ya spika zilizochanika. Fundi alikuwa amesema nitarudi, na nilikwisha kupanga maneno ya kumwambia nikirudi.

Kilichoniokoa ni kuchezea vitufe kwa hasira. Nilisogeza sauti yote upande wa kushoto, na besi ikatokea. Nikaisogeza yote kulia, ikatokea vilevile. Nikairudisha katikati, ikatoweka.

Nikalirudia jaribio hilo mara tatu, kwa sababu lilikuwa kama kiini macho.

Waya za spika za kiwandani si nyekundu na nyeusi kama tulivyozoea. Zina rangi zake, na mimi mlango wa kushoto nilikuwa nimezibadilisha chanya na hasi. Spika ya kulia ilipokuwa inasukuma hewa, ya kushoto ilikuwa inaivuta, na ndani ya gari, pale penye kichwa changu, zilikuwa zinalipana deni karibu hadi sifuri. Sauti nyembamba huvumilia kosa hilo. Besi haivumilii, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko gari lenyewe. Njia ya kuhakiki ni rahisi kiasi cha kutia aibu: chukua betri ndogo ya volti 1.5, igusishe kwenye ncha za spika kwa sekunde moja. Karatasi ikitoka nje, chanya iko kwenye chanya. Yangu ya kushoto ilikimbilia ndani.

Nikageuza waya mbili. Kazi ya dakika kumi, na gari likawa gari jingine.

Bado ninajiuliza ni redio ngapi zilizotupwa chini ya meza za mafundi kwa kosa la waya mbili kupishana.

Amplifaya na mluzi

Ningeweza kuishia hapo, na mke wangu alishauri niishie hapo. Lakini spika mpya zilikuwa na uwezo wa kupokea zaidi ya zile wati 20, na redio ilipopandishwa ilianza kukwaruza kwenye vishindo vya ngoma. Nikachukua amplifaya ndogo ya njia nne, wati 50 za kweli kila njia, ya aina inayokubali waya za spika za redio kuingia moja kwa moja. Sikutarajia kelele nyingi zaidi. Kutoka wati 20 hadi 50 ni ongezeko la desibeli 4 tu, na sikio hulitaka ongezeko la mara kumi ya wati ndipo liseme kwamba sauti imekuwa maradufu. Nilichotaka ni pumzi: redio isikabwe koo pale wimbo unapohitaji kuruka.

Mtu aliyenisaidia kuvuta nyaya alitaka kuunganisha hasi zote za spika pamoja kwenye bodi ya gari, "kama taa". Nikamzuia kwa bahati, kwa sababu siku mbili kabla nilikuwa nimepima. Kwenye redio za aina hii, kila waya wa spika, hasi kwa chanya, unakaa kwenye karibu nusu ya volti za betri; testa yangu ilisoma 6.8. Waya kama huo ukiugusisha kwenye bati la gari, chipu ya redio inaweza kuungua. Nilimwekea testa mbele ya macho, akaitazama kwa muda, kisha akasema kwamba sasa ameelewa zile mbili za mwaka jana zilikufa kwa nini.

Fyuzi tuliiweka karibu na betri, hatua moja tu kutoka kwenye terminali, kwani kazi yake ni kulinda waya mrefu unaopita chini ya zulia na si kulinda amplifaya. Injini ilipowashwa, mluzi ukaanza: mwembamba, unaopanda na kushuka kwa kadiri ninavyokanyaga mafuta. Ni sauti ya alteneta, ile jenereta inayochaji betri, ikipenya kupitia hasi mbaya. Tulikuwa tumefunga waya wa hasi kwenye boliti ya kiti iliyopakwa rangi. Tulikwangua rangi mpaka bati likang'aa, tukafunga tena, na mluzi ukakatika.

Redio nayo ina makosa yake

Ningependa makala haya yaseme kwamba fundi alikosea. Hakukosea kabisa.

Wiki moja baadaye, tukienda Bagamoyo na barabara ikiwa wazi, nilipandisha sauti hadi namba 45, kati ya 63 za redio hiyo, na nikasikia jambo la ajabu: kila nilivyopandisha, muziki ulikuwa unakonda. Ngoma zilirudi nyuma, sauti za juu zikaja mbele kama watoto wanaogombania dirisha.

Nyumbani nilipiga milio ya majaribio kutoka kwenye simu kupitia waya wa AUX, mmoja wa besi, hezi 50, na mwingine wa hezi 400 (testa za bei yangu hazisomi vizuri juu ya hapo), nikapima volti zinazotoka kwenye redio. Kwenye namba 28, milio yote miwili ilisoma karibu sawa, volti moja na nusu. Kwenye namba 45, ule wa hezi 400 ulifika 5.2, ule wa besi ulikuwa 2.3. Kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa volti, besi ilikuwa inapewa takriban moja ya tano ya nguvu ya mwenzake.

Si ubovu. Kiwanda kilifanya hivyo kwa makusudi. Waliijua spika ya karatasi waliyoifunga mlangoni, wakajua kwamba besi kubwa ingeirarua, wakaifundisha redio kupunguza besi kila sauti inapopanda. Redio iliendelea kuzilinda spika ambazo mimi nilikwisha kuzitupa.

Kuna vifaa vya kusahihisha hilo, vichakato vya sauti vinavyosoma kasoro ya redio na kuinyoosha. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko Android ya fundi. Hapo ndipo hoja zangu zote ziliponiishia: redio mpya ingekuwa rahisi zaidi, na ingesema Kiswahili au angalau Kiingereza. Nilikaa ndani ya gari lililozimwa, taa za uwanjani zikiwa zimezimwa pia, na nikalazimika kujijibu lile "kwa nini".

Sababu niliyoiona haya kuisema

Redio hii ina diski ndani yake. Mwenye gari wa kwanza, huko Japani, alikuwa akiingiza CD na redio inanakili nyimbo. Gari liliuzwa, likapakiwa melini, likashushwa bandarini Dar es Salaam, na hakuna aliyekumbuka kuzifuta.

Ziko 186. Nilizigundua wiki ya kwanza, mwaka 2019, nikibonyeza vitufe nisivyoweza kuvisoma. Majina yake sijui, wala ya waimbaji. Wanangu wamezipa majina yao: Ya Mvua, Ya Pikipiki, Ya Mama Anayelia Halafu Anacheka. Kuna moja ambayo binti yangu mdogo anaiimba yote kwa Kijapani chake cha kubuni, na tusipoipiga tunapotoka shuleni siku ya Ijumaa inakuwa kesi. Ukiing'oa redio, zinaondoka nayo.

Jaribu kumweleza hilo mwanamume mwenye bisibisi mkononi, mbele ya wenzake wanne, saa saba mchana.

Utarudi

Nikarudi Sinza. Nilimweleza yote: spika ya sebuleni, betri ndogo, zile volti, na mwishowe zile nyimbo. Alisikiliza akiwa amekaa juu ya tairi. Nilipofika kwenye besi inayokatwa, alinisimamisha.

"Namba ngapi inaanza kukata?"

"Juu ya thelathini hivi."

"Sasa, bosi, kwani lazima ufike arobaini na tano?"

Nilimtazama. Alikwisha kufungua mlango na kuinama chini ya kiti, akitafuta ile skrubu ndogo ya amplifaya inayoongeza nguvu ya kinachoingia, wanayoiita geini. Aliniambia niweke redio kwenye 28 na nisiiguse. Akaifungua geini polepole mpaka muziki ukaanza kukwaruza, akairudisha nyuma kidogo, akaacha. Sasa kelele yote ambayo gari langu linaweza kuitoa inapatikana kwenye 28, kabla redio haijaanza uangalizi wake, na juu ya hapo hatuna haja ya kwenda. Kuna mvumo mdogo ambao haukuwepo, unaosikika wimbo unapokwisha na injini ikiwa imezimwa. Nimeukubali.

"Haya," alisema, akiingia upande wa abiria na kufunga mlango. "Niwekee hao Wajapani wako."

Nikampigia Ya Mvua. Sekunde chache tu zikatosha. Kupitia spika zile za zamani sikuwahi kulijua hili, lakini sasa lilikuwa wazi: matoazi yalisikika kama chumvi inayomwagwa juu ya bati, na sauti ya mwimbaji ilikuwa na ukungu pembeni. Redio ilipozinakili ilizibana ili diski itoshe. Wimbo wowote wa simu yangu kupitia waya wa AUX ulikuwa unaushinda kwa mbali.

Fundi alilisikia kabla yangu.

"Huu umebanwa," alisema.

"Umebanwa, ndiyo."

Alinyamaza. Wimbo ulipoisha alinyoosha mkono, akapunguza sauti hadi 22, ambako chumvi haisikiki sana, akalaza kiti nyuma.

"Urudie."